Sekondari mpya yenye ufundi ujenzi, Usagara: karakana ya uashi tuianze na nini?

Mjumbe_Usagara

Wakuu, habari za jioni. Upande wa Usagara kuna sekondari inafunguliwa, ni mkondo wa amali: ufundi ujenzi sambamba na masomo ya darasani. Kidato cha kwanza kitakuwa na wanafunzi 40, yaani 20 uashi na 20 useremala. Fani za umeme na bomba zitafuata baadaye. Jengo la karakana ni mita 18 kwa 9, limeshaezekwa ila sakafu haijamwagwa.

Kamati imegawanyika. Wapo wanaotaka fedha iliyopo inunue mashine ya kufyatulia tofali na mashine ya randa, kwa hoja kwamba wazazi wakija waone mashine. Wengine wanasema tuanze na vifaa vya mkono. Naomba wenye uzoefu wa kufundisha fani hizi waseme: vifaa gani na vingapi, saruji ya mazoezi tuweke bajeti ya mifuko mingapi kwa mwaka, na ratiba ipangweje ili Hisabati na Fizikia zisizame.

Mwiko_na_Kamba

Mkuu, mashine ya tofali iacheni kwanza. Mwanafunzi akishajua kuivuta mara kumi hakuna kipya anachojifunza pale, na mtajikuta mna kiwanda kinachoendeshwa na watoto.

Kwa wanafunzi 20 wa uashi wafanye kazi wawili wawili, makundi 10. Mwiko kila mtu wake, 20. Pima maji (ya kupimia usawa) 10 na timazi (ya kupimia wima) 10. Kamba ya uashi roli 10, na futi za mita 5 nazo 10, pamoja na ya mita 30 moja ya kupimia kiwanja. Nyundo na tindo seti 10. Skwea kubwa 3, karai 12, chepe 6, toroli 4, chekeche 2, mapipa ya maji ya lita 200 mawili, na mpira wa maji unaoonyesha ndani wa mita 15 kwa ajili ya kuhamisha usawa. Msinunue pima maji bila kuijaribu dukani: ilaze juu ya kaunta, soma povu, kisha igeuze kichwa kiwe mkiani palepale. Povu likisimama pengine, irudishe. Za bei ya chini zinakuja zimepinda kutoka kwenye boksi, na mwanafunzi atalaumiwa mwaka mzima kwa ukuta ambao kosa lake liko kwenye kifaa.

Sasa saruji. Zoezi la kawaida la kuanzia ni kona ya herufi L, kila mkono tofali 3, kozi 4 (yaani safu nne kwenda juu). Hiyo ni tofali 24 kwa kundi, 240 kwa makundi 10. Tofali la inchi 6 likiwekewa mota (mchanganyiko wa kushikiza tofali) ya milimita 12 chini na ubavuni linakula kama lita 1.2, lakini kwa anayejifunza hesabu lita 2 maana nyingine inaishia chini. Jumla lita 480. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Kwa uwiano wa saruji 1 kwa mchanga 5 unatoa mota kama lita 168. Kwa hiyo zoezi moja linakula mifuko 3. Mkifanya zoezi moja kwa wiki kwa wiki 30, ni mifuko 90, na hicho ni kidato kimoja tu. Shule ikijaa vidato vinne ni 360. Na tofali je? Zikishashikwa na saruji hazibanduki nzima, kwa hiyo kila wiki mnanunua 240 mpya, 7,200 kwa mwaka.

Hapo ndipo karakana nyingi zinapofia. Muhula wa kwanza watoto wanajenga, wa pili wanachora ukuta ubaoni.

Dawa yake ni chokaa. Mota ya mazoezi iwe chokaa 1 kwa mchanga 3, bila saruji hata chembe. Chokaa haigandi kwa maji kama saruji, inakauka polepole kwa kunyonya hewa ukaa, kwa hiyo ukuta unasimama vizuri, unapimwa, unapewa alama, kisha unabomolewa. Tofali zinakwanguliwa zikiwa nzima na mota inarudi kwenye rundo, inachekechwa, inaongezwa maji na kutumika tena. Mifuko 4 ya kilo 25 na mchanga wa toroli 8 vinatosha kuanzia, mkiongeza chokaa kidogo kila baada ya wiki kadhaa inapoanza kukosa utelezi. Rundo lifunikwe kwa nailoni lisipigwe na hewa. Iwe chokaa ya unga ya kupakia kuta, msichanganye na jipsamu. Ile inaganda ndani ya dakika chache.

Angalizo: chokaa inaunguza macho kuliko saruji. Miwani si hiari. Ikiingia jichoni, maji safi mengi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha hospitali, na asifikiche.

Chaki_na_Timazi

Nyongeza kwenye ratiba, maana swali hilo watu hulipita haraka.

Kipindi ni dakika 40. Mkiweka vipindi viwili pamoja kama somo la kawaida mnapata 80. Toa 15 za kuvaa ovaroli, kugawa vifaa na kukoroga mota. Toa 20 za kubomoa, kuosha miko na kuhesabu vifaa. Zimebaki 45, na kwa anayeanza hizo ni kozi moja, labda mbili. Mkiunganisha vipindi vinne siku moja mnapata 160, mkitoa zilezile 35 zinabaki 125. Yaani vipindi vinne vikigawanywa mara mbili kwa wiki vinatoa dakika 90 za kazi, vikiunganishwa vinatoa 125. Hakuna aliyenyang'anywa kipindi. Mwalimu wa taaluma atapinga kwa sababu anapanga ratiba kwa gridi ya vipindi viwili viwili. Mpeni hesabu hii kwa maandishi.

Vipindi vya karakana viwekwe asubuhi. Jua la saa saba linakausha mota kabla tofali halijakaa, na zoezi la kusimamisha kona linataka macho ambayo hayajachoka.

Kuhusu Hisabati kuzama: itazama ikiwa mwalimu wa Hisabati haingii karakana. Kupima kiwanja ni Pythagoras tupu. Msingi wa mita 12 kwa 9, mshazari wake lazima usome mita 15 kamili pande zote mbili. Wape 10 kwa 8 watafute wenyewe: mzizi wa 164, mita 12.81. Kisha waende nje na mambo (vigingi) na kamba wahakikishe. Ikitofautiana kwa sentimita 4, waulizwe ni mambo ipi isogee na isogee upande gani. Hilo swali ni gumu kuliko lolote lililoko kwenye kitabu chao. Kenchi ya nyumba ya upana wa mita 8 yenye kimo cha mita 1.5: nusu ya upana ni 4, kwa hiyo urefu wa mteremko wa paa ni mita 4.27 kabla hujaongeza kisogo (sehemu inayochomoza nje ya ukuta) cha sentimita 60. Mbao ya mita 4 haitoshi. Aliyekokotoa vibaya anaona pengo kwa macho yake.

Kwa huku kwetu kwenye miinuko kuna somo jingine. Msingi unashuka kwa ngazi, na kimo cha kila ngazi lazima kilingane na kozi: tofali sentimita 23 na mota yake, kama 24 hivi, au mara mbili yake, 48. Fundi akichimba ngazi za 30, kila ngazi inadai tofali za kukatwa, na hapo ndipo ufa unapoanzia. Mpira wa maji nao ukibaki na povu ndani usomaji wote ni uongo. Jazeni taratibu kutoka upande mmoja mpaka povu liishe, na ncha zote mbili ziachwe wazi wakati wa kusoma.

Baba_Wawili

Samahani wakuu, mimi naona tunazunguka. Mtoto amefaulu darasa la saba, mnampeleka akawe saidia fundi? Akimaliza kidato cha nne na mwiko wake, kidato cha tano ataingiaje?

Chaki_na_Timazi

Baba_Wawili, swali lako ni la haki na lina jibu la kukagua, siyo la kubishana. Kabla ya kumwandikisha mtoto mwulize mkuu wa shule mambo matatu.

Kwanza, usajili wa kituo cha mtihani NECTA (Baraza la Mitihani) na ithibati ya NACTVET (baraza la elimu ya ufundi) kwa fani husika. Viwili, siyo kimoja. Shule yenye jengo na mwalimu lakini haina ithibati ya fani haitamfikisha mwanao kwenye cheti cha ufundi.

Pili, masomo. Kama mtoto ana ndoto ya uhandisi kwa njia ya kidato cha tano, PCM ni Fizikia, Kemia na Hisabati ya juu. Asiyesoma Fizikia na Kemia huko nyuma mlango huo umefungwa, hata awe hodari wa kujenga namna gani. Uliza kwenye ratiba ya shule hiyo mwanafunzi wa uashi anasoma sayansi zipi. Njia ya pili ni stashahada kwenye vyuo vya ufundi, na huko aliyeshika mwiko miaka minne anaingia na kitu mkononi.

Tatu, waalimu wa fani wangapi, na wameajiriwa au ni wa kuazima.

Na hili la masomo na ufundi pamoja halikuanza na mtaala wa mwaka 2024. Sekondari za Bwiru Wavulana hapa Mwanza na Musoma kule Mara zimefundisha ufundi na masomo pamoja kwa miaka mingi. Kamati ipande gari iende ikaone karakana za namna hiyo zimepangwaje kabla ya kununua chochote.

Mchanga_Safi

Mimi nigusie mchanga na tofali, maana mtafundishia vya kwetu.

Mchanga wa ziwani ni wa maji baridi, kwa hiyo ile shida ya chumvi ya Pwani hatuna. Shida yetu ni udongo na ulaini. Kipimo cha shule ni rahisi: chupa ya glasi iliyonyooka, mchanga mpaka nusu, maji yenye chumvi kidogo ya mezani mpaka robo tatu, tikisa dakika moja, iache saa 3. Udongo utakaa juu kama tabaka la kahawia. Pima kimo cha tabaka hilo na cha mchanga kwa rula. Likizidi asilimia 8 ya kimo cha mchanga, huo wa kuoshwa au kuachwa. Mota yenye udongo mwingi inanasa vizuri kwenye mwiko, na ndiyo maana mafundi wengi wanaipenda, lakini ikikauka inasinyaa na kuachia tofali. Mwalimu wa Kemia achukue zoezi hili moja kwa moja.

Wasiende kuchota mchanga ufukweni. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za ziwa. Shule ndiyo iwe ya kwanza kuifundisha, siyo kuivunja.

Tofali: tofali la inchi 6, sentimita 45 kwa 23 kwa 15, lina ujazo wa lita 15.5. Mfuko ni lita 35. Kwa uwiano wa saruji 1 kwa mchanga 10 una lita 385 za malighafi kavu; zikishindiliwa zinapungua kwa robo hivi, zinabaki kama 290. Gawanya: tofali 18 au 19. Sasa nendeni kwa wafyatuaji wa barabarani muulize wanatoa ngapi kwa mfuko. Wakisema 35, mwanafunzi wa kidato cha kwanza mwenye kalamu atajua uwiano halisi ni kama 1 kwa 20. Tofali la namna hiyo ukilikwaruza kwa msumari linamwagika kama biskuti. Na wasipime kwa toroli, toroli ya lundo na ya msawazo zina tofauti kubwa. Boksi la mbao la ndani sentimita 40 kwa 35 kwa 25 ni lita 35 kamili, sawa na mfuko mmoja. Maseremala wenu ndio walitengeneze.

Randa_ya_Mkono

Upande wa useremala nakubaliana na wasiotaka mashine mwaka wa kwanza. Mashine ya randa mara nyingi inataka umeme wa njia tatu (three phase), mfumo wa kunyonya vumbi, na mtu mzima anayesimama nayo muda wote. Mtoto wa miaka 14 haigusi. Randa ya mkono, msumeno, patasi za milimita 6, 12 na 25, skwea na kipimo cha kuchorea mstari vinatosha kwa viungio vyote vya msingi.

Kosa kubwa ni mbao mbichi. Misonobari inayotoka mashamba ya Buhindi na Rubya mara nyingi inauzwa ikiwa na maji. Mwanafunzi anachonga kiungio Jumatatu kinabana kama ngumi, Jumatatu inayofuata kinacheza. Nunueni mbao za mazoezi muhula mmoja kabla. Zipangwe kivulini, juu ya magogo sentimita 30 kutoka chini, kila safu itenganishwe kwa vijiti vya sentimita 2.5, umbali wa sentimita 60 kutoka kijiti hadi kijiti, na vijiti vyote vipangwe mstari mmoja wima. Vikipishana, mbao zinapinda kama mbavu. Ncha zipakwe rangi ili zisipasuke.

Vifaa visiwekwe kwenye kreti. Tengenezeni ubao ukutani, umbo la kila kifaa lichorwe kwa rangi. Mwisho wa kipindi mwalimu anatazama ukuta kwa sekunde tano anajua patasi ipi haijarudi.

Mjumbe_Usagara

Nashukuru sana wakuu, hesabu ya mifuko 90 nitaipeleka kama ilivyo. Swali la mwisho: sakafu. Mkandarasi anataka amwage yote kwa siku mbili. Na hao wanafunzi, tunaweza kuwapeleka saiti za nje kufanya mazoezi likizo?

Mwiko_na_Kamba

Saiti za nje, mwaka wa kwanza hapana. Wengi watakuwa chini ya miaka 18, na sheria ya kazi hairuhusu kuwaajiri kwenye kazi hatarishi. Kupanda mirunda, kuchimba mtaro wa kina kinachopita kiuno chake, kubeba mfuko wa kilo 50, hivyo vyote nje. Wakipelekwa baadaye iwe ni sehemu ya mafunzo kwa barua ya shule, waende na mwalimu wao, wakatazame na kupima.

Sakafu msimpe mkandarasi yote. Mita 18 kwa 9 ikimwagwa bila maungio itapasuka inapotaka yenyewe. Igawanyeni vipande vya mita 3 kwa 3: sita kwa tatu, vipande 18. Kwa unene wa sentimita 10, kila kipande ni mita za ujazo 0.9. Kwa uwiano wa 1:2:4 kinataka mifuko 6, mchanga maboksi 12 na kokoto maboksi 24 ya lile boksi la lita 35. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko, na mchanga ukiwa umelowa mpunguze. Kwa sakafu nzima ni mifuko 108.

Mnamwaga kimoja mnaruka kimoja, kama ubao wa drafti, na vya katikati vinafuata baada ya siku chache. Fundi mkuu asimamie na wanafunzi wa uashi 20 wanamwaga kipande kimoja kwa siku ya karakana: wengine wanapima, wengine wanachanganya, wanne wanasawazisha kwa ubao wa mita 3.2. Kimwagiliwe siku 7. Upande wa uashi sakafu iachwe na ukwaru, ikisuguliwa laini inateleza mota ikimwagika. Upande wa useremala ndiyo isuguliwe.

Kabla ya kipande cha kwanza, bomba za nyaya za umeme wa njia tatu ziwe zimelazwa chini, hata kama mashine zitakuja mwaka wa tatu, na mtaro wa kuoshea miko uwe na shimo la kunasia mchanga. Bila hilo shimo bomba la maji machafu litaziba kabla ya likizo ya Juni.

Mjumbe_Usagara

Na kimo cha benchi za useremala? Fundi ameshachora mita 1.

Randa_ya_Mkono

Mita 1 ni ya mtu mzima mrefu anayechora. Mtoto akirandia hapo anasukuma kwa mabega badala ya kiuno, na baada ya nusu saa randa inakwaruza. Mtoto asimame wima, mikono imelegea, upimwe kutoka sakafuni hadi kifundo cha mkono. Kwa darasa la umri huo mtapata kati ya sentimita 72 na 80. Fanyeni benchi 5 za 75 na 5 za 80, wawili kila benchi, na mguu wa benchi uwe mbao ya inchi 4 kwa 4. Ikitikisika hakuna kiungio kitakachonyooka.